Ubao wa Taa Nne

Wanangu mafundi, siku mliyoniaga kustaafu pale karakana mliniomba neno, nikasema asante tu nikakaa, kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Neno lenyewe ni hili hapa. Ni refu kidogo kuliko asante. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nilianza na mshahara gani; mambo hayo hayajawahi kuwasha kompyuta. Nitawaambia habari za kile kisanduku cha bati ambacho wateja wengi hawakijui hata jina, kinachokaa nyuma ndani ya kasha la kompyuta, kikipokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kifaa kwa kipimo chake. Sisi tunakiita pawa saplai. Kilinifundisha kazi, kikanivunjia jina mara moja, nami nikalijenga upya mbele ya watu. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ninayopenda kuisimulia, lakini mtanivumilia nianze mwanzo.

Nilifika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini nikiwa na watoto wawili, sufuria moja, na ujuzi wa kupiga taipu ambao hakuna aliyeuhitaji. Baada ya muda jirani yangu akaniambia kwamba kuna karakana mjini Mbarara inayotafuta mtu wa kufagia na kuandika majina ya wateja. Mwenye karakana alikuwa Mzee Kamugisha, fundi wa umeme aliyestaafu jeshini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya askari, cha kuamrisha, lakini moyo wake ulikuwa wa mwalimu. Siku ya kwanza hata ufagio sikuushika. Aliniwekea pawa saplai moja mkono huu, nyingine mkono huu.

"Mama Nabintu, gani iko na nguvu?"

Nikasoma vibandiko. Kimoja kilisema wati mia tano, kingine mia tatu. Nikajiona msomi.

"Mzee, ni hii ya kuume. Iko na mia tano."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe unasoma nguo ya mutu. Funga macho. Sasa gani?"

Nikafumba macho. Ile ya mia tano ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Ile ya mia tatu iliniteremsha bega.

"Njo hii ya kushoto," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu.

"Eee! Hiyo ndani iko shaba mingi, iko bati nene ya kupoza moto. Hiyo ingine iko hewa. Namba ni ya kuuza, nyabo. Si ya kutumia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, nikaitwa nyabo, yaani mama kwa lugha ya huku. Ufagio nao niliupata, siku ya pili.

Hesabu ya mzee ilikuwa fupi na bado sijaona nyingine inayoishinda. Andika kila kinachokula umeme ndani ya kompyuta: prosesa kwanza, kadi ya picha ya pili, diski na feni baadaye. Jumlisha kile vinachokula vyote vikiwa kazini kwa pamoja, si wakati vimelala. Ongeza theluthi juu yake, maana joto la mchana na uzee navyo vina mlo wao. Kisha geuza pawa saplai usome kibandiko, lakini usiiangalie ile namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe. Tafuta mstari wa volti kumi na mbili, ule wa waya za njano, kwa sababu huko ndiko prosesa na kadi ya picha vinakokula. Zidisha volti kwa ampea zake. Mara nyingi utakuta mtu aliyejiita mia tano ni wa mia na sitini na kitu, na kelele.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja ubao. Ulikuwa ubao wa kawaida, umefungwa taa nne za mbele za gari, kila moja na swichi yake. Mzee aliunganisha waya ya kijani na nyeusi ili pawa saplai iamke bila kompyuta, akaunganisha ubao kwenye waya za njano na nyeusi, akawasha taa moja, ya pili, ya tatu, ya nne, huku jicho likiwa kwenye testa, kile kipima volti. Volti zikishuka chini ya kumi na moja na nukta nne, hiyo haitoshi, iwe imetoka Ulaya au imetoka mbinguni.

"Karatasi inaongopa," aliniambia. "Hata kilo siku moja itaongopa. Taa hakuna kula chai."

Nilimsikia. Kusikia na kushika ni vitu viwili.

Kesi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Masha, kwenye kituo cha kukusanya maziwa. Kompyuta yao ilikuwa inazima kila siku ikikaribia saa sita mchana. Walikuwa wamebadilisha memori, wamebadilisha diski, wamebadilisha na karani. Nikapima pawa saplai kwa ubao niliouazima kwa mzee, taa zote nne zikawaka vizuri, nikaanza kufunga mkoba. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi hata kompyuta yenyewe ilikuwa haina neno. Nikaacha taa zinawaka nusu saa nzima, nikanywa maziwa yao, wakanijazia tena. Kisanduku kilipopata moto, volti zikaanza kuteleza moja moja. Nilipokifungua, baada ya kuuacha umeme uliojificha ndani utoke (msisahau hilo, nataka mstaafu na vidole kumi), nikakuta vumbi la nyasi na manyoya ya ng'ombe yameishika feni isizunguke. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kutosha kwa asubuhi si kutosha kwa mchana. Karani walimrudisha.

Nilipofungua karakana yangu hapa Nakivale, ubao ulibaki Mbarara kwa mwenyewe. Ningeweza kutengeneza wangu. Taa kuukuu za magari hazikosekani pale madukani Rwekubo. Sikutengeneza. Nilinunua mizani ya mama muuza maharagwe, nikaiweka mezani, ikawa ndiyo kipimo changu.

Na hapa lazima niseme ukweli wetu. Sisi wa kambini tunaamini mizani. Ukipokea posho, unakwenda nayo nyumbani, unaazima mizani ya jirani, unapima tena, na hata siku hizi ambapo wengi wanapokea pesa badala ya unga, mkono haujasahau. Tumedanganywa kwa maneno na kwa makaratasi, lakini kilo tuliona ni kilo. Kwa hiyo nilipokuwa nikiweka pawa saplai kwenye mizani, wateja walikuwa wanasogea kuangalia sindano, wananyamaza, na sindano ikisimama mahali pazuri wanapumua. Nilipenda sana ule ukimya. Niliupenda kuliko fundi anavyotakiwa kupenda kitu.

Sasa tufike kwenye chumba cha kompyuta.

Mnakijua, kile chenye milango ya bluu. Kilikuwa na kompyuta kumi na mbili na mwalimu mmoja, Diyedone, Mrundi mpole anayevaa tai hata siku ya mvua. Alikuwa anafundisha watu kuchora ramani za nyumba. Kozi hiyo ilihitaji kadi za picha zenye nguvu, na kadi hizo zilihitaji pawa saplai mpya. Mfanyabiashara mmoja wa Mbarara akaleta kumi na mbili, kibandiko wati mia sita. Msimamizi wa mradi, Madamu Fiona, akaniita nizikague. Nikaja na mizani yangu kichwani. Nikapima moja moja, wanafunzi wakitazama. Zote zilikuwa nzito, nzito hasa. Nikatia sahihi.

Ikawa hivi: mwanafunzi akiandika, hakuna shida. Akichora mistari, hakuna shida. Lakini akifika pale pa kuiambia kompyuta igeuze mistari kuwa nyumba kamili yenye kuta na kivuli, kadi ya picha ikaamka kula, basi kompyuta inazima na kujiwasha upya kama iliyopigwa kofi. Kazi yote imekwenda. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Goreti, mshonaji, mama wa watoto watatu, mwenye bidii kuliko wote. Alipoteza nyumba yake mara nne. Wengi wao ni Wakatoliki, na baada ya wiki mbili nikaona jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha kompyuta: kabla ya kubonyeza kitufe hicho, chumba kizima kinafanya ishara ya msalaba.

Mimi nikasema ni umeme wa sola uliokuwa unalisha chumba. Nilisema kwa sauti ya fundi mwenye mizani. Betri zikabadilishwa, ikawa vilevile. Nikasema basi ni waya za ukutani. Madamu Fiona aliandika kila nilichosema, kisha akatuita.

"Mama Nabintu, wewe ndiyo fundi," akasema. "Umesema umeme ya hapa haitoshi. Kale, sawa. Mitihani ni Jumatatu ya wiki ijayo. Kompyuta zote zitaenda Mbarara, na zitabaki huko. Wenye wanaweza kuja Mbarara, waje."

Goreti alikuwa mlangoni. Hakulia. Aliniangalia tu, akauliza, "Mama, sasa batoto nitabaachia nani?" Ni watu wangapi wa chumba kile wangeweza kuacha shamba na watoto wakaenda kusoma Mbarara? Wawili, labda. Na chumba kilikuwa kinafungwa kwa neno langu mimi.

Nilimpigia mzee simu. Alikuwa ameshazeeka, anasikia kwa sikio moja, lakini hilo moja lilitosha. Nikamweleza yote.

"Umesoma karatasi?"

"Nimesoma, mzee."

"Umepima kilo?"

"Nimepima. Ziko zito."

"Na taa?"

Nikaanza tena habari za sola. Akaniacha nieleze mpaka niishiwe, mwanajeshi yule, bila huruma hata kidogo.

"Nyabo," akasema mwishowe, "fungua moja."

Nilikwenda chumbani nikachomoa moja, nikaiacha itulie, nikafungua skrubu zake nne. Shaba ilikuwa kidogo, bati la kupoza jembamba kama la kopo la nyanya. Na chini, limegandishwa kwa gundi nyeusi, lilikaa bonge la saruji. Saruji, wanangu. Ya kujengea. Wenye kughushi nao wana masikio. Walikuwa wamesikia kwamba mafundi wa huku wanapima kwa kilo, wakatuwekea kilo. Nilifungua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Saruji ya zile zote ingetosha kuziba tundu kwenye ukuta.

Niliona aibu, na sitaificha. Nilikaa chini sakafuni na lile bonge mapajani. Kisha hasira ikaja, na hasira kwa fundi ni kitu kizuri ikipata bisibisi. Nikabeba kisanduku kimoja kilichofunguliwa nikaenda nacho kwa Madamu Fiona. Diyedone na wanafunzi wake walikuwa palepale.

"Madamu, umeme ya hapa haina makosa," nikamwambia. "Makosa ni yangu. Nilipima kilo, sikupima kazi. Unipe siku tatu, kompyuta zibakie hapa fasi yake."

Aliligusa bonge kwa kidole, akaligusa tena. "Banange! Hii ni simenti?"

"Ni simenti."

"Siku tatu," akasema. "Ijumaa jioni nikiona hazifanyi, gari linazibeba."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Mbarara. Mzee Kamugisha alikwisha vaa koti, ameshika fimbo mkono mmoja na ubao wa taa nne chini ya kwapa. Hakuna aliyemwomba afuatane nami. Tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la yule mfanyabiashara, nikaweka vile visanduku kumi na viwili juu ya kaunta, na saruji mbele yake.

"Mama, wewe mwenyewe uliweka sahihi," akasema, akitabasamu.

"Niliweka," nikamjibu. "Njo maana nimerudi mi mwenyewe."

"Basi njoo ndani tuzungumze."

"Hapana. Hapa kuko mwangaza mingi."

Duka lilikuwa limejaa. Nikaomba soketi. Nikachukua kutoka rafuni kwake pawa saplai mpya ya aina ileile ya wati mia sita, nikaunganisha waya ya kijani na nyeusi, nikafunga ubao. Taa ya kwanza ikawaka, watu wakasogea. Taa ya pili, testa ikashuka hadi kumi na nusu, na taa zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Nikawasha ya tatu. Kisanduku kikalia *tik*, giza. Mteja mmoja aliyekuwa ameshashika kimoja mkononi akakirudisha rafuni taratibu.

"Labda hiyo moja tu," akasema mwenye duka.

"Chukua ingine, chagua wewe," akasema Mzee Kamugisha. Alikuwa amepewa kiti na alikuwa anakifurahia. "Chagua ile unapenda kabisa."

Akachagua. Taa mbili, tatu, giza. Akachagua nyingine. Mara ya nne hakuchagua. Alifuta jasho, akatazama wateja wake, akaona kwamba kila taa inayozimika inamzimia na duka. Lazima nimsifu kwa hili: alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Akasema tuchukue duka zima tupime, tuondoke na kumi na mbili zitakazopita, na hizi za saruji zibaki kwake. Akasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, kwamba hata yeye alidanganywa. Inawezekana. Mzee alinikonyeza.

Tulipima mpaka jioni. Sikufanya haraka tena. Kila kisanduku nilikipa taa zote nne kwa nusu saa kama nilivyojifunza Masha, mpaka kipate moto, mpaka kionyeshe tabia yake ya mchana. Tulikunywa chai, tukala chapati, tukapima. Siku ya pili tukarudi. Aina moja, isiyo na mbwembwe, kibandiko chake mia nne na hamsini tu, ilisimama kwenye kumi na moja na nukta tisa kama askari kwenye lindo. Mwenye duka alikuwa nazo tisa nyuma kabisa, hazinunuliwi kwa sababu namba yake ni ndogo. Nyingine tatu tulizipata kwa kuchekecha. Mzee akanishika bega. "Sasa umekuwa fundi," akasema. Miaka yote ile, na ndiyo kwanza alikuwa ananipa cheo. Ndicho pekee nitakachokitaja humu.

Ijumaa mchana kompyuta zote kumi na mbili zilikuwa zimefungwa. Madamu Fiona alikuja kabla ya jioni, akasimama katikati ya chumba, akaamuru nyumba zote zigeuzwe kwa wakati mmoja. Mikono ikaenda kwenye vipaji vya nyuso, kwenye vifua, kwenye mabega. Vitufe vikabonyezwa. Feni zikapandisha sauti, na hakuna iliyozima. Akangoja. Akaamuru tena. Kisha akampigia simu dereva wa gari la kubebea mizigo akamwambia abaki Mbarara. Diyedone alilegeza tai, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya kabla wala baada.

Mzee alinipa ule ubao. Ndio unaoning'inia karakana, upande wa kushoto wa mlango, na ninyi mnautundikia makoti. Acheni. Mizani iliyo chini yake nayo msiitupe. Ni kipimo kizuri cha kwanza. Kosa langu lilikuwa kuifanya ya mwisho.

Jumatatu ya mtihani alikuja mtahini kutoka Mbarara, akakaa mbele na saa yake. Mimi nilisimama dirishani, maana fundi haruhusiwi ndani. Saa mbili nzima nilisikiliza feni kumi na mbili. Hakuna aliyeniangalia hata mara moja, na sijawahi kufurahi hivyo kusahauliwa. Mwishoni nikamwona Goreti, aliyekaa karibu na dirisha langu, amefika pale pa kugeuza mistari kuwa nyumba. Nikashika chuma cha dirisha. Akanyoosha mkono akabonyeza, hivihivi tu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Kuta zikasimama, bati jekundu likakaa juu, na kivuli kikalala uani.

Diyedone, aliyekuwa anapita nyuma yake, akainama akamnong'oneza, "Goreti, leo umesahau msalaba?"

"Sikusahau, mwalimu," akasema, macho yake kwenye nyumba. "Mungu nimemuachia yale mengine."